Bunduki Inayompiga Mwenyewe

Leo tuzungumzie bunduki kubwa, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya tembo, nyati na kifaru, ambazo mtu akizifyatua humrudi begani kwa kishindo cha kumpepesua, na pengine kumtupa chini. Siku hizi huhitaji kuwa mwindaji ili uzione. Zimo katika video zinazozunguka kwenye simu: mtu amesimama kwenye uwanja wa shabaha, ameegemeza kitako begani, anavuta, na kufumba na kufumbua yuko chali, bunduki imeruka nyuma yake, na wenzake wanacheka. Vijiweni vijana wakishacheka hutoa hukumu, kwamba hiyo ndiyo bunduki na hizo nyingine ni za watoto. Hukumu hiyo naipinga. Silaha inayomwangusha anayeishika haijathibitisha nguvu zake. Imethibitisha tu kwamba sehemu ya nguvu hizo imekwenda mahali pasipotakiwa. Nguvu ya kweli ni ile ambayo mtu anaweza kuiongoza mpaka ifike alikokusudia. Ushahidi wa hili tunao kutoka kwa wawindaji walioshika baadhi ya bunduki nzito kuliko zote zilizowahi kuletwa Afrika, nao waliuandika wenyewe. Na jambo hili linatuhusu sisi wa Bagamoyo, Saadani na Pangani kuliko tunavyodhani.

Linatuhusu kwanza kwa historia. Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji ikipitia Tabora. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliteremka pwani na pembe za ndovu mabegani, pembe zikapakiwa majahazini kwenda Unguja, na misafara iliporudi bara ilirudi na vitambaa, shanga, nyaya za shaba na bunduki. Bunduki hizo zilikuwa nyingi mno. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwa Unguja alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka mmoja. Nyingi zilikuwa gumegume na magobore yaliyokwishapitwa na wakati Ulaya, silaha za kushindilia baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikuja kuibana biashara hiyo, lakini kwa wakati huo pembe na baruti vilikuwa vimekwisha kufungamana. Pembe ilinunua bunduki, bunduki ikaua tembo, tembo akatoa pembe. Katika biashara hiyo mlio ulikuwa sifa. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe, alieleza mwenyewe kwamba jina la Tippu Tip alipewa kwa ajili ya mlio wa bunduki zake. Kwa hiyo hii tabia ya kuipima silaha kwa kishindo haikuanza na simu.

Tuelewane kwanza kwa nini bunduki hurudi nyuma. Anayeruka kutoka kwenye ngalawa kwenda ufukweni anajua kwamba miguu yake ikimsukuma mbele, ngalawa nayo inasukumwa nyuma. Na kadiri ngalawa ilivyo nyepesi na mtu alivyo mzito, ndivyo inavyokwenda mbali. Risasi na bunduki ni vivyo hivyo. Zidisha uzito wa risasi kwa mwendo wake, kisha gawanya kwa uzito wa bunduki, utapata mwendo ambao bunduki inalijia bega nao. Tuseme bunduki ya kilo tatu na nusu inatoa risasi ya gramu 11 kwa mwendo wa mita 700 kwa sekunde. Hata tukiacha kando gesi ya baruti, ambayo nayo huongeza msukumo, bunduki hiyo itarudi kwa kama mita 2.2 kwa sekunde. Sasa chukua bunduki ya kilo 5.7, upakie tufe la risasi la gramu 113, na tukadirie kwamba linatoka kwa mita 350 tu kwa sekunde. Hiyo itarudi kwa mita saba kwa sekunde. Na kwa kuwa nguvu ya pigo hukua kwa kuzidisha mwendo kwa wenyewe, kisha kwa uzito wa bunduki, bega la mtu wa pili linapokea kama mara 16 ya lile la kwanza. Mifano hiyo miwili sikuitunga hewani. Ya kwanza inakaribia bunduki ya mtu aitwaye Bell, na ya pili inakaribia bunduki ya mtu aitwaye Selous. Wote wawili tutawafikia.

Kwanza tuulize kwa nini watu walitengeneza madude hayo. Hawakuwa wajinga. Baruti ya zamani, ile nyeusi yenye moshi mzito, haikuweza kuisukuma risasi kwa kasi kubwa, na risasi yenyewe ilikuwa ya madini laini yaliyobondeka yalipogonga mfupa. Fuvu la tembo ni nene na ubongo wake umefichwa ndani sana. Kama huwezi kuongeza kasi, na huwezi kuongeza ugumu, kinachobaki ni kuongeza uzito. Ndipo zikazaliwa bunduki zilizopimwa kwa idadi ya matufe yanayotoka katika ratili moja ya risasi: ya nane, ya nne, na hata ya mbili. Namba ikiwa ndogo, mtutu ni mkubwa. Mwingereza Samuel Baker, alipozunguka katika mito ya Abisinia na Sudan kuanzia mwaka 1861, alikuwa na bunduki iliyotengenezwa London na Holland, yenye uzito wa kama kilo tisa, iliyorusha kombora la nusu ratili. Yeye aliiita Mtoto. Waarabu aliofuatana nao wakaiita mtoto wa mzinga. Baker alikuwa mtu wa miraba minne, mwenye nguvu zinazosimuliwa mpaka leo, lakini aliandika wazi kwamba Mtoto huyo alimzungusha pale alipokuwa amesimama, na kwamba aliogopa kumfyatua. Hebu lipime hilo. Silaha iliyobebwa porini kwa miezi, kwa jasho la watu wengine, na mwenyewe anaiogopa.

Ushahidi mzito zaidi ni wa Frederick Selous, ambaye jina lake lilikaa miaka mingi kwenye pori kubwa la akiba kusini mwa mto Rufiji na kaskazini mwake, pori ambalo sehemu yake leo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Selous alifika Afrika ya Kusini mwaka 1871 akiwa kijana asiyefika miaka 20. Kati ya mwaka 1872 na 1874, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, aliwinda kwa bunduki mbili za kushindilia, za mtutu mpana wa namba nne, zilizotengenezwa kwa ajili ya kupigia bata. Baruti aliibeba katika mfuko wa ngozi na kuipima kwa kiganja, gao moja kwa pigo moja. Kwa bunduki hizo aliua tembo 78, karibu wote akiwa kwa miguu. Ukiishia hapo utasema, basi, bunduki kubwa imeshinda. Lakini msome anavyoendelea. Anasimulia siku ambayo bunduki yake ilikataa kuwaka, mbebaji wake akaipokea na katika haraka ile akashindilia baruti mara ya pili juu ya ile ya kwanza. Selous alipofyatua aliinuliwa kutoka ardhini, akageuzwa hewani, akaanguka kifudifudi kwenye mchanga. Bunduki ikapita juu ya bega lake ikatua mbali nyuma yake, naye akabaki na jeraha usoni na bega lililokufa ganzi. Hiyo ilikuwa ajali. La kutia fikra zaidi ni alichosema kuhusu siku za kawaida, zisizo na ajali: kwamba mapigo ya bunduki hizo yaliharibu mishipa yake ya fahamu kiasi cha kuathiri shabaha yake maisha yake yote, na kwamba alijuta kuzigusa. Huyu ni mmoja wa wawindaji mashuhuri kuliko wote waliopata kutajwa katika bara hili. Kama yeye alijuta, sisi tunasifu nini?

Alichokieleza Selous wafundishaji wa shabaha wanakijua vizuri. Mwili wa binadamu hujifunza maumivu haraka kuliko unavyojifunza kulenga. Baada ya mapigo machache, mwili huanza kujihami kabla ya mlio. Jicho linafumba, bega linasukuma mbele kulipokea pigo ambalo halijafika, kidole kinakwapua mtambo badala ya kuubana taratibu, na mdomo wa mtutu unainama. Mpigaji mwenyewe hajui, kwa sababu kishindo na kuruka kwa bunduki vinaficha kila kitu. Lakini mfundishaji ana njia ya kumfichua. Anachanganya risasi bandia, isiyo na baruti, kati ya risasi za kweli, bila kumwambia. Zamu ya ile ya bandia ikifika, mtambo unagonga tu, kishindo hakuna, na mbele ya macho ya wote mtutu unaonekana ukichupa chini na bega likitikisika. Hakuna kilichompiga, amejipiga mwenyewe. Katika umbali wa hatua 50, mtikisiko mdogo wa namna hiyo unatosha kuihamisha risasi kutoka kwenye ubongo wa tembo hadi kwenye taya. Na mbaazi ukikosa maua husingizia jua: mpigaji wa namna hii akikosa husema bunduki yake ni ndogo, anakwenda kutafuta kubwa zaidi, nayo inamtia hofu zaidi.

Upande wa pili yupo Walter Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hesabu yake mwenyewe aliua tembo zaidi ya 1,000. Simtaji ili kumsifu. Idadi hiyo ni doa, na ni sehemu ya maelezo ya kwa nini tembo walipungua katika ukanda wetu. Namtaja kwa kuwa ni shahidi katika shauri la bunduki. Wengi kati ya tembo hao, kama 800, aliwaua kwa bunduki ya milimita saba, silaha ambayo wenzake waliiona inafaa swala. Alikuwa nazo kubwa, akaziacha. Aliloliweka badala ya ukubwa ni maarifa: alipasua kichwa cha tembo kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi hasa, na risasi ipite pembe gani ikiwa mnyama amemwelekea, amempa ubavu au amempa kisogo. Alitumia risasi ndefu yenye gamba gumu lisilobondeka, iliyozama badala ya kutawanyika. Na kwa kuwa bunduki yake haikumwumiza, aliweza kupiga tena na tena katika mazoezi bila mwili wake kumsaliti. Bunduki yake ilimrudi kwa nguvu ndogo mara nyingi kuliko ile ya Selous, na bado tembo walianguka. Tofauti haikuwa katika ukubwa wa tundu. Ilikuwa katika kile kilichobaki kichwani na mkononi mwa mpigaji baada ya kulipa gharama ya kufyatua.

Najua msikilizaji mwenye uzoefu wa porini anataka kunikatiza. Atasema Bell aliwinda katika nyika wazi, tembo wametulia, ana nafasi ya kuchagua pembe na wakati. Mpeleke kwenye kichaka cha miiba mahali ambapo nyati aliyejeruhiwa anatoka hatua kumi mbele yako, uone kama milimita saba itamwokoa. Pingamizi hili ni la haki, na silikwepi. Risasi nyepesi inaweza kuua lakini isisimamishe, na anayekujia hatakusubiri afe polepole. Ndiyo maana katika nchi nyingi za Afrika zenye uwindaji, kipimo cha chini kwa wanyama hatari kimekuwa ni bunduki ya mtutu wa inchi .375, ambayo asili yake ni muundo wa Holland wa mwaka 1912, na ndiyo maana walinzi wa wanyamapori hupewa hata ya .458. Lakini angalia kanuni hiyo inasema nini. Inaweka sakafu, haiweki dari wala mashindano. Na .375 ilidumu zaidi ya miaka 100, wakati bunduki nyingi kubwa zaidi yake zimeingia makumbusho, kwa sababu moja iliyo wazi: iko kwenye mpaka ambao mtu wa kawaida, akifundishwa na kufanya mazoezi, anaweza kuuvumilia bila kuharibika shabaha. Nyati anayekuja anasimamishwa na risasi iliyofika mahali pake. Risasi kubwa iliyopita kando humwacha na ghadhabu ileile. Kwa hiyo pingamizi halivunji hoja yangu, linaipa kipimo: chukua bunduki kubwa kadiri kazi inavyodai, na isizidi bega lako linavyoweza kuiongoza.

Wapo watakaosema jambo jingine, kwamba wakati wa hatari mtu hahisi teke la bunduki. Hilo ni kweli kabisa. Wawindaji wengi wamesimulia kwamba mbele ya tembo hawakusikia maumivu, wakaja kugundua alama nyeusi begani usiku walipovua shati. Lakini kutosikia maumivu baada ya mlio si sawa na kutoogopa kabla ya mlio. Kushtuka kunatangulia, kumekwisha kuandikwa mwilini tangu siku za mazoezi, na kunaingia kidoleni kabla akili haijapata nafasi ya kukataa. Selous ni jibu tena. Tembo wake karibu wote aliwapiga akiwa kwa miguu, uso kwa uso na kifo. Kama hatari ingekuwa dawa ya kushtuka, yeye angepona kuliko wote, wala asingeandika kile alichoandika. Na tusisahau mwisho wake. Tarehe 4 Januari 1917, akiwa kapteni wa jeshi la Uingereza mwenye umri wa miaka 65, aliuawa Beho Beho, kaskazini mwa Rufiji, kwa risasi moja ya mlenga shabaha wa upande wa Wajerumani. Iliyomwua ilikuwa risasi ya bunduki ya kawaida ya askari.

Pingamizi la tatu ni la mafundi. Watasema tatizo la kurudi kwa bunduki limekwisha kupatiwa ufumbuzi: kuna mpira laini kwenye kitako, kuna matundu kwenye ncha ya mtutu yanayorusha gesi pembeni, kuna kuongeza uzito wa silaha. Ni kweli mbinu hizo zinasaidia, ila hakuna inayofuta deni; zinalihamisha tu. Matundu ya mtutu yanapunguza pigo la bega na kuongeza kishindo cha masikio, tena masikio ya mfuata nyayo aliyesimama kando kuliko ya mpigaji. Uzito unapunguza mwendo wa kurudi, lakini lazima mtu aubebe kutwa juani. Mfano mkubwa wa deni hilo ulifika hapahapa Bagamoyo. Meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilipoangamizwa katika delta ya Rufiji Julai 1915, mizinga yake kumi ya milimita 105 iliopolewa. Mizinga hiyo iliundwa kukaa kwenye sitaha ya chuma, na meli nzima ndiyo iliyokuwa bega lake. Ilipotolewa melini ilipoteza bega hilo, ikabidi karakana za Dar es Salaam ziiundie magari ya magurudumu, na watu kwa mamia waikokote kwa kamba katika mchanga na matope. Wanamaji wa Uingereza waliposhuka Bagamoyo tarehe 15 Agosti 1916, mmoja wa mizinga hiyo ulikuwa hapa, nao wakauteka. Mzinga mzito namna ile hauondoki kwa haraka.

Kuna ushahidi mwingine ambao hautajwi mara nyingi kwa kuwa wenyewe hawakuandika vitabu. Wasafiri wengi wa Kizungu wa karne ya 19 walicheka kuona Waafrika wakifyatua magobore kutoka kiunoni, au wakiyanyoosha mbali na uso, na wakahitimisha kwamba watu hawa hawajui kutumia bunduki. Tuiangalie hali yenyewe. Gobore la biashara lilikuja na mtutu wa bei nafuu uliokuwa tayari kupasuka. Baruti yake ilikuwa hafifu na haikufanana kutoka kopo hadi kopo, kwa hiyo ili risasi ifike ilibidi ushindilie nyingi, na ukishindilia nyingi huwezi kujua kama leo itasukuma au italipuka. Mtu anayeweka shavu lake kwenye kitako cha silaha ya namna hiyo ndiye asiyejua. Yule aliyeiweka mbali na jicho alikuwa amefanya hesabu, akakubali kupoteza shabaha ili abaki na uso. Na ndiyo maana alisogea karibu na mnyama kiasi cha kutisha kabla ya kupiga: umbali alioupoteza kwa kutolenga aliulipa kwa ujasiri wa miguu. Vitabu vimewahifadhi kina Baker na Selous na mabega yao. Mbebaji aliyeshindilia baruti mara mbili hakumbukwi, ingawa ndiye aliyeibeba bunduki ile siku nzima kabla ya mwenyewe kuifyatua mara moja.

Sasa tuje kwenye siku zetu. Kaskazini ya Bagamoyo, ng'ambo ya mto Wami, iko Hifadhi ya Taifa ya Saadani, mahali ambapo tembo, nyati na simba wanaishi hatua chache kutoka Bahari ya Hindi. Wami wenyewe una viboko na mamba. Vijiji kama Saadani na Matipwili viko jirani na wanyama hao mwaka mzima, na mahindi yakikaribia kukomaa tembo hawaulizi mpaka. Katika mazingira hayo gobore halijafa. Limezaliwa upya mikononi mwa mafundi wa vichochoroni, mtutu wake ukiwa ni bomba ambalo halikutengenezwa kubeba mlipuko, na baruti yake ikiwa ni mchanganyiko wa kubahatisha. Hatari yake imezidi ile ya zamani. Bunduki ya Selous ilirudi nyuma ikiwa nzima. Hili linaweza kurudi likiwa vipande, usoni na viganjani. Na likiwa limefyatuka salama, marisau au vipande vya nondo vilivyopakiwa ndani mara nyingi havimwui tembo papo hapo. Vinamchoma, vinamwachia vidonda vinavyooza, na vinampeleka kwenye njia ya watu akiwa na uchungu. Atakayekutana naye alfajiri kesho yake ni mama anayekwenda kuchota maji au mtoto anayekwenda shule, ambaye hata mlio wa usiku ule hakuusikia.

Mkulima atanijibu, na ana haki: wewe unazungumza redioni, mimi shamba langu la ekari mbili limelika usiku mmoja, ofisi ya wanyamapori iko mbali, na kifuta jasho kikija kinakuja kimechelewa wala hakifidii nusu ya nilichopoteza. Sitamwambia kwamba malalamiko yake si ya kweli. Namwambia tu kwamba gobore haliwi jibu lake. Kama anachotaka ni kishindo cha kumtisha tembo, vipo vishindo visivyotoboa ngozi ya mnyama wala kiganja cha mwenyewe: madebe, honi, tochi zenye mwanga mkali, na mabomu baridi ambayo maofisa wa wanyamapori huyatumia na kuwafundisha vijana wa vijiji. Ipo mizinga ya nyuki iliyopangwa kuzunguka shamba, na uzio wa kamba zilizopakwa pilipili, njia zilizojaribiwa Tanzania na Kenya na kuonyesha kwamba tembo anaziheshimu, hata kama si kila usiku. Na kama kazi imefikia kuua mnyama aliyezoea kushambulia watu, hiyo ni kazi ya askari wa wanyamapori mwenye silaha inayostahili na mafunzo ya kuiongoza. Madai ya haki ya mkulima kwa serikali yawe ni askari aliye karibu, anayefika usiku uleule, na malipo yasiyochelewa. Hilo tuliseme kwa sauti kubwa.

Na kwa wale wenye dhamana ya kuwapa askari silaha, ushahidi wa Selous una somo. Kumkabidhi kijana bunduki ya .458 na risasi tano za kujaribia kwa mwaka ni kumfundisha kuiogopa. Atakuwa amepata maumivu ya kutosha kumtia hofu, wala hajapata mazoezi ya kutosha kuiondoa. Aanze na bunduki ndogo, apige nyingi, ajue kulenga mpaka kidole chake kitulie. Kisha apandishwe polepole hadi kwenye ile nzito, na apimwe kwa risasi ya bandia kama mtutu wake unainama. Ajue pia mnyama, kama Bell alivyomjua, ubongo uko wapi na moyo uko wapi. Fedha itakayotumika kununua risasi za mazoezi itaokoa maisha ya askari, na itawaokoa wanyama wengi na vidonda vya bure, kuliko fedha ya kununua bunduki kubwa zaidi.

Msikilizaji, hukumu yangu ni hii. Ukiona kwenye simu mtu ameangushwa na bunduki yake, usimwonee wivu. Umemwona mtu aliyeshindwa kuiongoza silaha, hata kama anacheka. Na kama ndani ya nyumba yako, au ya jirani yako, limo gobore lisilo na kibali, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inalihesabu kuwa kosa, na kabla ya sheria kulifikia linaweza kukufikia wewe. Polisi wamekuwa wakitangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari, ambapo anayejitokeza hashitakiwi kwa kumiliki. Kinapotangazwa, zungumza na mwenyekiti wa kijiji chako, lipeleke. Tembo akiingia shambani, piga simu kwa ofisa wa wanyamapori, ita majirani, gongeni madebe, washeni tochi, na watoto wabaki ndani mpaka kupambazuke.